Majilio Nyumbani Kwako Nairobi: Mwongozo Kamili wa Kungoja, Hatua kwa Hatua

Geti ya ploti yetu iko na soja wa usiku, mzee wa makamo hivi, anaingia saa kumi na mbili jioni anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Mwaka juzi Desemba stima ilipotea usiku nikashuka saa kumi alfajiri kuangalia kama ni sisi tu ama ni mtaa mzima, nikampata amesimama. Kiti kiko hapo kando na hajakalia, amejifunika lile koti lake kubwa, tochi ameshika lakini ameizima, na macho yake yako upande wa mashariki juu ya paa za magorofa. Nikamuuliza mzee mbona usikae kidogo. Akaniambia, "Mama, nikikaa saa hii nalala. Hii ndio saa mbaya. Nikiona huko kumeanza kuwa kweupe, najua nimevuka."

Nilirudi juu nikafungua Zaburi ya 130, "Nafsi yangu inamngoja Bwana, kuliko walinzi waingojavyo asubuhi," mstari nimeusoma tangu nikiwa msichana na sikuwahi kumuona mlinzi ndani yake. Kungoja kwa mlinzi ni kazi. Amesimama, anajua saa gani ni mbaya kwake, na anajua ni upande gani mwanga utatokea. Hio ndio Majilio, zile wiki nne hivi kabla ya Krismasi, na ndio nataka tuifanye pamoja kwa mwongozo huu. Mimi ni Mkatoliki kwa hivyo mengi nitaandika venye tunafanya sisi, lakini Waanglikana na Waluteri wanashika Majilio pia, na kama kanisa lako haliadhimishi kabisa bado hakuna kitu hapa kitakukataza kuomba.

Hatua ya 1: Jua unangoja nani

Majilio ni kuja, ni kujiwa na mtu. Kilatini ni adventus, maana ni hio hio, ndio maana wengine wanasema Adventi. Sasa watu wengi wanafikiria ni wiki nne za kungoja mtoto Yesu azaliwe, halafu wanafika kanisani Jumapili ya kwanza wanaskia Injili ya kukesha na Bwana kurudi na wanadhani padre amefungua ukurasa mwingine. Hajakosea. Kuanzia Jumapili ya kwanza mpaka 16 Desemba mkazo wa Kanisa uko kwa ule ujio wa mwisho, Kristo akirudi kwa utukufu, halafu kuanzia tarehe 17 mpaka 24 ndio tunageuka tunaangalia Bethlehemu moja kwa moja.

Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, yule mmonaki wa karne ya 12, alihubiri kwamba kuja kwa Bwana ni mara tatu: alikuja kwa unyonge Bethlehemu, atakuja kwa utukufu mwisho wa nyakati, na katikati ya hizo mbili anakuja kwa siri ndani ya moyo wa mtu, leo. Huu wa katikati ndio unafanyiwa kazi nyumbani, kwa sababu Bethlehemu ilishapita na mwisho wa dunia hauko mkononi mwako, lakini leo jioni saa mbili iko.

Chukua karatasi, andika sentensi moja tu: mwaka huu nangoja Bwana aingie wapi kwangu? Usiandike kitu cha kupendeza. Andika ndoa kama ni ndoa, andika pombe kama ni pombe, andika "sijui kama bado naamini" kama huko ndio umefika. Ikunje uiweke ndani ya Biblia, tutairudia.

Hatua ya 2: Shika tarehe mapema

Jumapili ya kwanza ya Majilio ni ile iko karibu zaidi na 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, kwa hivyo inaangukia kati ya 27 Novemba na 3 Desemba. Mwaka 2026 ni 29 Novemba, halafu 6, 13 na 20 Desemba. Mwaka 2027 inaanza 28 Novemba. Mwaka 2028 inaanza 3 Desemba na Jumapili ya nne inagonga 24 Desemba yenyewe, asubuhi ni Majilio jioni ni Mkesha, kwa hivyo mwaka huo utakuwa na siku 22 tu na ukichelewa wiki moja umepoteza karibu theluthi.

Weka pia 8 Desemba, sikukuu ya Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, na 12 Desemba, Jamhuri Day, nitakuambia ya nini. Ukiwa kanisani utaona altare na mavazi ya padre ni zambarau, na Utukufu kwa Mungu Juu hauimbwi hizo Jumapili, unangoja usiku wa Krismasi urudi na kengele. Aleluya haiondolewi venye huondolewa Kwaresima. Mimi hupenda kwamba Novemba barabara zetu bado ziko na maua ya jakaranda yamemwagika, State House Road huko na mitaa mingine ya zamani, zambarau chini ya miguu ya watu wanaenda kazi, yaani mji umevaa kabla ya altare.

Hatua ya 3: Panga Desemba kabla Desemba haijakupanga

Kama unaishi Nairobi unajua venye mwezi huo unaenda. Supa zimeanza kupiga nyimbo za Krismasi Novemba katikati, kuna ofa, kuna pati ya ofisi, kuna chama kinagawa pesa, kuna harusi mbili na ruracio moja ya mahari na zote zina kamati na kila kamati iko na grupu ya WhatsApp, na watoto wamefunga shule wako nyumbani wanakula kila saa. Ukingoja utulivu uje wenyewe ndio uanze kusali utajikuta 26 Desemba.

Kwa hivyo wiki moja kabla ya Jumapili ya kwanza keti, na mwenzako kama uko naye, muandike pesa zote za Desemba na karo ya Januari kwa ukurasa mmoja. Toa karo kwanza. Halafu toa fungu la maskini, kiasi chochote lakini kiwe namba imeandikwa, maana huruma isiyo na namba huisha tarehe 10. Halafu nauli ya ushago kama mnasafiri. Chenye kimebaki ndio cha nguo na nyama. Mtu anaweza kuniambia hii ni bajeti si sala, lakini mimi nimeona mara nyingi mtu akisali usiku akili yake iko kwa deni, na siku ameandika deni lote kwa karatasi anapata nafasi ya kunyamaza.

Chagua pia shughuli za kukataa. Mbili ama tatu tu, na ukatae mapema kwa heshima, usingoje siku yenyewe ndio uzime simu.

Hatua ya 4: Acha kuwangojesha wengine

Hapa nitakaa kidogo, maana hii ndio hatua yenye watu huruka na kwangu ndio iligeuza kila kitu.

Kuna mwaka nilianza Majilio vizuri sana. Shada, ile duara ya matawi na mishumaa minne, liko mezani, nimepunguza chai ya sukari, naamka saa kumi na moja nasoma Isaya. Na kulikuwa na mama anakuja kunifulia nguo kila Alhamisi, nilikuwa na deni lake la mia sita kwa wiki tatu. Sikuwa nimekosa mia sita. Kila akinikumbusha nilikuwa namwambia nitakutumia jioni, na jioni nasahau kwa sababu kwangu ilikuwa pesa ndogo. Jumapili ya pili tukitoka kanisani nikampata amesimama kwa geti na mtoto wake mdogo, viatu vya mtoto vimelowa maana kulikuwa kumenyesha, soja akaniambia huyu amekungoja tangu saa tatu. Ilikuwa inaenda saa sita. Hakunigombanisha. Aliniambia tu, "Samahani mama, nimekuja mwenyewe kwa sababu niliona simu haishikwi."

Na asubuhi hio tulikuwa tumesomewa, "Itengenezeni njia ya Bwana, yanyosheni mapito yake."

Nilimtumia pesa hapo hapo na nikaongeza, lakini masaa matatu ya mtu kwa geti huwezi kuyarudisha na M-Pesa. Tangu siku hio Majilio yangu huanza na orodha: nani ananingoja mimi? Fanya hivi. Fungua simu uangalie meseji zenye hujajibu, hasa zile unajua ulikwepa. Andika majina. Kwa kawaida utapata watu wa aina tatu, wenye wanakudai jibu, wenye wanakudai pesa, na wenye wanangoja msamaha ama salamu tu.

Pesa ndogo lipa wiki ya kwanza. Pesa kubwa yenye huwezi kulipa, piga simu useme tarehe ya ukweli, maana mtu akijua ni Februari anaweza kupanga maisha yake, lakini "nitakuangalilia" inamfunga miguu. Dada wa kazi kama unaye mlipe na umpe ruhusa mapema, ukimuachilia tarehe 23 jioni unamtupa steji wakati nauli imepanda na magari yamejaa, na yeye pia ana mama anamngoja nyumbani. Kama wewe ni mwajiri ama una fundi alikufanyia kazi, hii ndio mfungo wako, hata usiguse chai ya sukari mpaka uwe umemlipa.

Wa kusamehewa tutawafikia wiki ya pili.

Hatua ya 5: Tengeneza pembe ya sala na shada

Shada la Majilio si la Wakatoliki peke yao. Mchungaji Mluteri wa Hamburg, Ujerumani, anaitwa Johann Hinrich Wichern, alikuwa analea watoto maskini, na inasimuliwa walikuwa wanamuuliza kila siku Krismasi ni lini, basi mwaka 1839 akachukua gurudumu la mkokoteni akaweka mishumaa midogo ya siku za kawaida na mikubwa minne ya Jumapili, wakawa wanaongeza moto mmoja kila jioni. Kwa hivyo ilianza kama jibu la mtoto anayeuliza bado siku ngapi.

Hauhitaji kununua la duka. Chukua hanga mbili za waya, zile za dobi, zinyooshe uzipinde ziwe duara la upana wa sinia ya kawaida, funga pamoja na waya mwembamba ama uzi wa nailoni. Halafu tafuta matawi ya saiprasi, ua nyingi za Nairobi ni saiprasi na ukiongea vizuri na mtu wa bustani anakukatia vijitawi, ama ununue kwa wenye wanauza maua kando ya barabara. Shika vijitawi vitatu vinne vya urefu wa kiganja, vifunge kwa waya, halafu fungu lingine lifunike mashina ya lile la kwanza, unaenda hivyo ukizunguka upande mmoja mpaka urudi ulipoanza. Mikono itanuka utomvu siku nzima na watoto watapenda. Matawi hukauka kama siku kumi, kumi na mbili, kwa hivyo panga kuyabadilisha katikati, usiache yakauke, saiprasi kavu inashika moto kama karatasi.

Mishumaa minne. Desturi ni mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi wa Jumapili ya tatu, lakini mimi hununua ile mieupe ya kawaida ya kioski na kuifunga utepe chini, tatu zambarau na mmoja waridi. Kila mshumaa uweke kwa gilasi ama mkebe wa maziwa ulio na mchanga, si moja kwa moja kwa matawi. Kaa mbali na pazia na mtungi wa gesi, na usiondoke chumbani ukiwaka hata dakika moja. Na kama nyumba yako ni ya mabati na mbao na majirani mmeshikana ukuta kwa ukuta, nakusihi, usiweke mishumaa kabisa. Tumia taa ndogo ya sola, ama mchore miduara minne kwa karatasi mtoto apake rangi mmoja kila Jumapili. Mungu haoni vibaya.

Weka shada, Biblia, na ile karatasi yako. Pembe ikiwa kwa stuli kando ya kochi inatosha.

Hatua ya 6: Dakika kumi na tano kila siku

Hapa kuna jambo moja nimelifikiria sana. Vitabu vingi vya Majilio vimeandikwa Ulaya, huko Desemba jua linazama mapema na giza linaongezeka kila siku mpaka karibu na Krismasi, kwa hivyo mshumaa mmoja unaongea wenyewe. Sisi tuko karibu na ikweta. Jua letu linazama saa kumi na mbili na nusu hivi, Desemba kama Juni, na Desemba kuna joto la mchana na mvua za vuli zinamalizia. Giza la Majilio halitatushukia lenyewe, lazima tulifanye. Kwa hivyo zima taa. Zima TV, weka simu kwa chumba kingine, na ukae na watu wako dakika mbili kwa giza kabisa kabla ya kuwasha kitu. Watoto watacheka siku mbili za kwanza. Siku ya tatu utaskia nyumba, friji, mbwa wa jirani, matatu ikipiga honi huko barabarani, halafu chini ya hizo zote kimya.

Halafu mtoto mmoja awashe ukiwa umemshikilia mkono. Mwingine asome somo la siku, mistari michache tu, Isaya ni mzuri kuanza, sura ya 2, 9, 11, 35, 40. Nyamazeni kidogo. Uliza swali moja tu kwa wote: leo umengoja nini? Na uwaache wajibu venye wanajua, mtoto wangu mmoja alisema amengoja choo maana wenzake walikaa ndani, na tukaomba na hio. Kila mtu ataje jina moja la kuombea. Baba Yetu. Mwingine azime.

Kama unakaa peke yako fanya asubuhi kabla ya kutoka, saa kumi na moja kama unawahi matatu. Kama kazi yako ni ya usiku, nesi, mlinzi, dereva, basi wewe ndio uko karibu na zaburi kuliko sisi wote, sema tu ule mstari wa 130 ukiona mashariki kumeanza kuwa kweupe.

Hatua ya 7: Wiki nne, kazi nne

Wiki ya kwanza ni kukesha. Mwaka 2026 tunaanza mwaka B wa masomo ya Misa, mwaka wa Injili ya Marko, na Injili ya 29 Novemba ni Marko 13, ya mwenye nyumba ameenda safari, "naye amemwamuru bawabu akeshe." Bawabu ni soja wa geti. Kazi ya wiki hii ni kujua saa yako mbaya, ile saa wewe hulala kiroho. Kwa wengine ni saa nne usiku na simu, kwa wengine ni Ijumaa mshahara ukiingia, kwa wengine ni kubeti mechi zikianza. Itaje jina, halafu simama hio saa. Yaani fanya kitu na mwili, toka nje, oga, mpigie mtu simu, piga magoti. Kuhusu mfungo, Kanisa Katoliki la kwetu halilazimishi mfungo wa Majilio kama ule wa Kwaresima, ingawa ndugu zetu Waorthodoksi hufunga siku 40 kuanzia 15 Novemba. Chagua kitu kimoja kiko karibu na saa yako mbaya. Kimoja, na ukishike mpaka mwisho.

Wiki ya pili ni Yohane Mbatizaji, kunyoosha mapito. Hii ndio wiki ya kitubio. Usingoje ile wiki ya mwisho foleni ikizunguka kanisa na mapadre wamechoka, nenda siku ya kawaida. Hapo katikati ya mji Basilika ya Familia Takatifu watu huingia wakitoka kazini, ama uliza paroko wako. Jiandae usiku uliotangulia kwa kuandika, na maswali yangu ni haya: Nani nimemngojesha? Nani hatusalimiani? Ni kitu gani nakingoja kwa hamu kuliko Mungu? Ni nini nimeficha mtu wa nyumbani? Ukifika sema imepita muda gani, taja dhambi bila hadithi ndefu na bila kusimulia dhambi za mume wako, pokea malipizi uyafanye siku hio hio. Karatasi uichome ama uirarue vipande vipande. Kama kanisa lako halina kitubio cha padre, ungama mbele za Mungu kisha uende kwa mtu mwenyewe.

Kuhusu kwenda kwa mtu: usitume meseji ndefu. Piga simu ama uende, sema kosa lako kwa sentensi moja, useme samahani, unyamaze. Usimwambie "lakini na wewe." Kama amekataa, umenyoosha upande wako na barabara iliyobaki ni yake na Mungu. Na kama mtu huyo alikupiga ama alikudhulumu vibaya huhitaji kwenda kwake kabisa, msamaha unaweza kuanza kwa sala ukiwa mahali salama.

Wiki ya tatu, Jumapili ya Furaha, padre anaweza kuvaa waridi na unawasha ule mshumaa wa waridi. "Furahini katika Bwana sikuzote, tena nasema, Furahini." Paulo aliwaandikia hivyo Wafilipi akiwa amefungwa gerezani. Sasa ile Jamhuri Day ya 12 Desemba, ambayo 2026 ni Jumamosi kesho yake ni Jumapili hii, itumie kutoa lile fungu la maskini. Nenda na watu wa jumuiya yako ndogo, maana wao wanajua nani kwa mtaa amefungiwa nyumba kwa kodi na nani ana mgonjwa, usibebe unga kwenda kupiga picha mahali hujulikani. Beba, keti, kunywa chai yao wakikupa, usikatae chai ya maskini. Wacha wakuombee pia.

Wiki ya nne ni ya Maria na Yusufu, nayo mara nyingi ni fupi. Soma Luka sura ya kwanza yote, polepole, siku tatu. Angalia kwamba Maria baada ya kusema "iwe kwangu kama ulivyosema" aliondoka kwa haraka kwenda milimani kumsaidia mama mzee mjamzito. Kama kuna mama mjamzito kwa ploti yako, wiki hii mchotee maji, mbebee mtungi wa gesi hio ngazi.

Hatua ya 8: 17 mpaka 23 Desemba, sala za "Ee"

Kanisa liko na antifona saba, yaani vifungu vifupi vya kuimba, za zamani sana za sala ya jioni, moja kila siku: Ee Hekima, Ee Adonai, Ee Shina la Yese, Ee Ufunguo wa Daudi, Ee Mapambazuko, Ee Mfalme wa Mataifa, Ee Emanueli. Kila moja inaisha na njoo. Jioni hizo saba badala ya somo refu, ita jina la siku hio na kila mtu aseme "njoo" halafu ataje mahali. Ufunguo wa Daudi ni tarehe 20, tukaomba mwaka jana kwa kijana wa jirani yetu aliyekuwa rumande. Mapambazuko ni tarehe 21, siku hio mimi hushuka na thamosi ya chai kwa geti alfajiri, tunangoja na mzee mpaka kukuche.

Na ile karatasi ya hatua ya kwanza, itoe tarehe 17. Isome. Inawezekana hakuna kitu kimebadilika, na hio pia umwambie Mungu hivyo hivyo.

Hatua ya 9: Ukikosa, ukisafiri, ukiwa na msiba

Ukikosa siku tano usilipize tano. Anza na ya leo.

Ukisafiri ushago beba mshumaa mmoja na karatasi ya masomo kwa mkoba wa mkononi, si kwa begi inaenda juu ya basi. Ukifika waombe wazee wa nyumbani waongoze, usiende kufundisha shosho kusali.

Kama hii ni Krismasi ya kwanza bila mtu wako, najua kila wimbo wa supa unakukata. Usijilazimishe pati. Kaa kwa wiki ya kwanza hata kama wengine wamefika ya nne, maana ile wiki inaongea juu ya Bwana kurudi na wafu kufufuka, na wewe unangoja watu wawili sasa. Acha kiti chake mahali pake, taja jina lake kila jioni kwa yale maombi, na umwambie mtu mmoja wa jumuiya akupigie simu tarehe 24 jioni na 26, hizo siku mbili zina uzito kuliko 25 yenyewe.

Hatua ya 10: Mkesha

Pango la Krismasi litengenezeni mapema lakini hori iwe tupu. Kuna nyumba watoto huweka unyasi mmoja ndani ya hori kwa kila tendo jema, na kufika tarehe 24 mtoto Yesu anapata pa kulala, jaribuni. Mchana wa 24 maliza kupika mapema, lala hata saa moja, maana Misa ya usiku ni ndefu na mtoto aliyechoka hulia wakati wa Utukufu. Mkirudi, ama kabla ya kwenda kama usafiri ni shida, zimeni taa mara ya mwisho, washeni mishumaa yote minne, mdogo kabisa wa nyumba aweke mtoto horini, na mtu asome Luka 2 mpaka wachungaji, ambao nao walikuwa zamu ya usiku.

Matawi usiyatupe 26, msimu wa Krismasi unaenda mpaka Ubatizo wa Bwana huko Januari, toa yale makavu tu. Vipande vya mishumaa vilivyobaki, tepe na ile duara ya waya viweke kwa mkebe wa biskuti, uandike juu yake tarehe ya Jumapili ya kwanza ya mwaka unaofuata.